Ulivuta bangi Malindi, leo unaombewa klirensi Marekani: namna ya kujaza fomu bila kujiharibia

Kijana aliyezaliwa mitaa ya pwani yetu kama Mkomani au Shela, akaenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza au kwa kuwafuata wazazi, akapata uraia, hufika siku akapata kazi inayodai kibali cha usalama cha serikali ya huko. Huenda ni kazi ya jeshi, au ya fundi wa kompyuta kwenye kampuni yenye kandarasi ya wizara ya ulinzi, au ya mkalimani wa Kiswahili na Kisomali. Vijana wetu walioko kule hukiita klirensi, na sisi tutakiita hivyo hivyo. Fomu inafunguliwa, kurasa zinapita, mpaka inafika sehemu ya 23: katika miaka saba iliyopita, umetumia dawa za kulevya? Hapo ndipo simu zinapoanza kulia huku nyumbani usiku wa manane. Niandike au nisiandike?

Andika. Bangi ya ujanani imewazuia watu wachache kuliko uongo uliosemwa kuificha. Yafuatayo ni namna ya kuandika, vithibitisho vya kutafuta Malindi na Lamu, na makosa yanayowaangusha watu ambao kesi yao ilikuwa nyepesi.

Nani anaombewa, na nani anatapeliwa

Klirensi hupewa raia wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani hatoshi, japo analipa kodi na ameishi kule miaka kumi. Mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kupewa, ila ataulizwa zaidi kuhusu ndugu walioko Kenya. Halafu, mtu haendi kujiombea klirensi kama anavyokwenda kuomba kitambulisho. Mwajiri ndiye anayekuombea, akishakupa kazi au ahadi ya kazi, na wewe hulipi hata senti moja.

Kwa hiyo mtu akija Malindi kuwaambia wazee kwamba kwa kiasi fulani cha fedha atamtafutia mtoto wao klirensi ya kufanya kazi na Wamarekani kwenye kambi ya kijeshi kule Manda, huyo ni tapeli, na pesa zikitoka hazirudi.

Wanapima nini

Fomu yenyewe ni SF-86. Siku hizi hujazwa mtandaoni kwenye mfumo unaoitwa eApp, na uchunguzi mwingi hufanywa na shirika la DCSA lililo chini ya wizara ya ulinzi. Uamuzi hufuata miongozo 13 iliyoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017, kila mmoja na herufi yake. Herufi H ni ya dawa za kulevya. Herufi E ni ya mwenendo, yaani ukweli na uaminifu wa mtu, na hii ndiyo inayowanasa wengi waliokuwa na jambo dogo tu chini ya H.

Tazama inavyokwenda. Mtu aliyevuta bangi mara tano, miaka minne nyuma, ana kesi nyepesi. Akiandika "hapana", kisha mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja chuoni akamwambia mpelelezi "tulivuta pamoja", sasa ana kesi nzito ya E juu ya ile nyepesi ya H. Ya bangi inazidi kupoa kila mwaka. Ya uongo inahesabiwa upya tangu siku aliposaini fomu. Tena kusema uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la shirikisho, na kifungo chake hufika miaka mitano.

Iko hali moja inayofunga mlango kabisa: kuwa unatumia hivi sasa. Sheria ya mwaka 2008 inawakataza wakuu wa idara kumpa klirensi, au kumwongezea muda, mtu anayeendelea kutumia dawa zilizokatazwa au aliye mraibu. Hapa hakuna hoja ya kutetea. Acha kwanza, uache kikweli, ndipo ukubali kuombewa.

Yaliyopita, hayo hupimwa. Mwongozo wa H hautaji idadi ya miaka. Wengi huapa kwamba "ukimaliza mwaka mmoja uko salama" au "lazima iwe saba", na zote mbili hazimo. Miaka saba ni ya swali la fomu. Uamuzi huangalia mambo kwa pamoja: ilikuwa dawa gani, mara ngapi, lini mara ya mwisho, ulikuwa na umri gani, ulitumia tu au uliuza pia, umebadilika vipi, umesema mwenyewe au umegunduliwa, na je, kuna mtu anayeweza kukutisha kwa siri hiyo. Bangi ya kijana wa miaka 19 akiwa na binamu zake ufuoni, akaacha, ni jambo wanaloliona kila siku. Unga, yaani heroini, ni jambo jingine, hata kama ilikuwa mara moja. Kuuza ni kuzito kuliko kutumia. Kutumia ukiwa tayari umeshika klirensi ni kuzito kuliko yote, na fomu inakuuliza hilo bila kikomo cha miaka.

Tarehe 21 Desemba 2021, aliyekuwa mkuu wa idara zote za ujasusi za Marekani, Avril Haines, alitoa waraka unaosema kwamba matumizi ya bangi ya zamani peke yake hayatoshi kuamua kesi. Wengi waliusikia nusu. Waraka huohuo unasema anayetaka klirensi aache kuanzia anaposaini fomu, na unaonya kuhusu mafuta ya CBD yatokayo kwenye mmea wa bangi, kwa sababu chupa huandikwa haina kileo cha bangi na kumbe kimo, kisha mkojo ukipimwa jibu ni lile lile.

Jimbo linaloruhusu bangi halikukingi. Klirensi ni ya serikali ya shirikisho na hufuata sheria ya shirikisho, hata kama duka la bangi liko mkabala na nyumba yako na lina leseni.

Idara nyingine zina masharti yao ya kuajiri yanayotangulia klirensi. FBI, kwa mfano, haimwajiri aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, wala aliyetumia dawa nyingine haramu ndani ya miaka kumi. Soma masharti ya idara unayoiendea kabla hujapoteza miezi.

Miraa na muguka

Hili linawachanganya watu wa pwani kuliko jingine lolote. Miraa ya Meru na muguka ya Embu huuzwa Lamu na Malindi mchana kweupe, na sheria ya mazao ya Kenya inaitambua miraa. Mwezi Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, jambo likafika mahakamani na marufuku yakasimamishwa. Hayo ni ya Kenya na yabaki Kenya. Marekani, jani bichi la miraa lina kathinoni, na kathinoni imo katika orodha ya kwanza ya dawa zilizokatazwa tangu mwaka 1993, orodha moja na heroini. Jani likichakaa na kukauka, kathinoni inavunjika na kubaki kathini, ambayo imo katika orodha ya nne. Kwa hiyo miraa kavu nayo haijatoka katika sheria.

Basi mtu aliyetafuna barazani Lamu, mahali ambapo si kosa, aandike? Unaweza kubisha kwamba hayo si matumizi haramu, na hoja hiyo ina uzito. Lakini fomu inasema inauliza kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, na rai yetu ni kuandika, kisha ueleze kwenye nafasi ya maelezo kwamba ilikuwa Kenya na haikuwa kosa huko. Ukiandika lisilohitajika, hakuna anayekudhuru. Ukiacha lililohitajika, wanakuuliza kwa nini uliacha. Kwenye orodha ya dawa hutaliona neno miraa. Chagua "nyingine", uandike khat, kwa maana hilo ndilo jina wanalolijua.

Mtu aliyetafuna akiwa Marekani kwenyewe, Minneapolis au Columbus, hana cha kubishania. Aandike.

Na hapa tuwaombe walioko nyumbani jambo moja. Usimfungie mtoto wako miraa kavu kwenye begi la mtu anayesafiri, wala usimtumie kwa posta pamoja na halua na achari. Forodha wakikamata kifurushi, jina lililoandikwa juu yake ni lake. Kosa linatoka kuwa kutafuna na linakuwa kuingiza dawa nchini, ambalo limo katika swali jingine kwenye fomu na lina uzito mwingine kabisa.

Kujaza sehemu ya 23

Usianze kwenye kompyuta. Anza kwenye karatasi, ukae nayo siku mbili tatu.

Chora mstari wa miaka saba kurudi nyuma kutoka mwezi utakaosaini. Fomu hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye swali lenyewe, usitegemee ya rafiki yako aliyejaza zamani. Juu ya mstari huo weka alama za mambo unayoyakumbuka kwa hakika: safari za nyumbani, harusi, misiba, mitihani. Watu wa Lamu hukumbuka kwa Maulidi na mfungo kuliko kwa Januari na Februari, na hiyo ni njia nzuri mradi uigeuze tarehe sawasawa. Maulidi ya Lamu huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, na kila mwaka husogea nyuma kama siku kumi na moja: ya mwaka 2019 yaliangukia Novemba, ya 2022 yaliangukia Oktoba. Mitihani nayo ilivurugika. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2020 aliukalia Machi na Aprili 2021, sababu ya korona. Mtu akisema "ilikuwa baada ya mtihani, mwisho wa 2020", amekosea miezi minne au zaidi, na tarehe za shule zimo katika sehemu nyingine ya fomu hiyo hiyo, zitagongana.

Kwa kila dawa utaulizwa mwezi na mwaka wa mara ya kwanza, mwezi na mwaka wa mara ya mwisho, mara ngapi, katika hali gani, na kama unakusudia kutumia tena. Pale usipokuwa na hakika, weka alama ya makadirio. Makadirio ya kweli hayamdhuru mtu. Kinachodhuru ni makadirio yanayopungua kila unapoulizwa, au yanayoongezeka: kwenye fomu mara tatu, kwa mpelelezi mara kumi, kwa daktari "kila Ijumaa". Kama ilikuwa kati ya tano na kumi, sema kati ya tano na kumi tangu mwanzo.

Maelezo yawe mafupi na ya wazi. Mfano:

"Nilivuta bangi na binamu zangu ufuoni Malindi katika likizo mbili nilizorudi nyumbani, Desemba 2019 na Agosti 2022. Kwa jumla ilikuwa kama mara sita. Mara nne nilipewa, mara mbili nilichangia shilingi mia kununua. Sikuwahi kuuza wala kubeba kwenda nayo popote. Sijatumia tangu Agosti 2022 na sitatumia tena. Binamu hao ninawasalimu kama ndugu, lakini sikai nao wanapovuta."

Tazama ile "nilichangia shilingi mia". Wengi huiacha kwa kuwa kwao si kununua, ni kuchanga. Kwa fomu, ni kununua, na kununua kuna swali lake baada ya lile la kutumia. Mtu anayejibu "ndiyo" la kwanza na "hapana" la pili, kisha akaeleza mwenyewe kwamba walichanga, amejipinga ndani ya ukurasa mmoja.

Zaidi ya hayo liko swali la dawa za hospitali zilizotumiwa visivyo. Hapo huingia tramadol au dawa ya kikohozi yenye kodeini iliyonunuliwa duka la dawa bila cheti cha daktari, ikanywewa kwa ajili ya stimu. Huingia bugizi pia, vile vidonge vya usingizi. Kama ulikunywa dawa aliyoandikiwa mama yako kwa sababu mgongo ulikuuma, andika na useme hivyo. Ni jepesi, lakini ni ndiyo.

Swali la kusudio, je, utatumia tena, halijibiwi kwa kuremba. "Sidhani" ni jibu baya. "Labda nikistaafu" ni baya zaidi. Jibu ni hapana, na liwe la kweli. Mwongozo wa H unamwongezea uzito mtu anayetoa hati iliyosainiwa kwamba ameachana na dawa zote na anajua akirudia klirensi yake itachukuliwa. Hati hiyo ni ya sentensi tatu, ina tarehe, na huandikwa kwa Kiingereza. Iandike kabla hawajaiomba.

Fomu inaahidi kwamba majibu ya kweli ya sehemu ya 23 hayatatumiwa kuwa ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Ahadi hiyo ni ya jinai tu. Uhamiaji ni mlango mwingine. Kama ulipopimwa na daktari wa viza Nairobi ulisema hujawahi kugusa dawa yoyote, au fomu ya uraia inasema tofauti na unayotaka kuandika sasa, usisaini kwanza. Mwone wakili anayejua uhamiaji na klirensi vyote viwili. Hii ndiyo hatua ambayo watu huikimbia kwa kuona ghali, na ndiyo iliyo na hatari kubwa kuliko bangi yenyewe. Wakili hatakufundisha kuficha. Atakuonyesha namna ya kusema kweli bila kuangusha nyumba nzima.

Na afisa anayekuandikisha jeshini akikwambia "weka hapana tu, hawataangalia", kumbuka jina litakalokuwa chini ya fomu ni lako. Yeye hatakuwepo siku ya mahojiano.

Unga, mahakama na matibabu

Aliyewahi kuingia kwenye unga kazi yake ni kubwa, lakini haina maana kwamba hawezi. Mwongozo unatambua mtu aliyemaliza matibabu aliyoandikiwa, hajarudia, na daktari anayestahili ametoa tathmini nzuri ya hali yake ya mbele. Vitu vitatu hivyo vinatakiwa pamoja. Kuacha kwa kujifungia chumbani mpaka arosto ikaisha ni ushujaa, lakini hakuna karatasi.

Hospitali ya Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni, dawa ya kumtibu aliyeingia kwenye unga, tangu mwaka 2015. Aliyetibiwa hapo alikuwa akinywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, hivyo kumbukumbu zipo. Methadoni uliyopewa na kliniki ni dawa, si matumizi haramu, ila matibabu yenyewe yana maswali yake mwishoni mwa sehemu ya 23: moja la aliyeamriwa au kushauriwa kutibiwa, jingine la aliyekwenda kwa hiari. Kwenda kwa hiari kunakuhesabia vizuri, kwa hiyo usikuache.

Omba barua ya kliniki yenye mambo haya: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, ugonjwa uliotambuliwa, majibu ya vipimo vya mkojo na tarehe zake, kama ulimaliza au ulikatisha, na maoni ya daktari kuhusu uwezekano wa kurudia. Barua inayosema tu "alikuwa mgonjwa wetu na ni kijana mwenye adabu" haisaidii kitu. Omba kwa mkono wako au kwa mtu uliyemwandikia idhini, maana kliniki haitakiwi kumpa mjomba wako faili lako kwa kuwa tu ni mjomba. Kama ulikatisha matibabu, barua iseme hivyo, kisha wewe ueleze. Kukatisha kumetajwa kwenye mwongozo kama jambo baya, na kulificha ni kubaya mara mbili.

Kesi ya polisi haimo sehemu ya 23, imo sehemu ya 22, na hapo kosa lolote ulilowahi kushtakiwa la dawa au pombe linaulizwa bila kikomo cha miaka. Aliyepandishwa kizimbani Malindi akiwa na miaka 18 kwa msokoto mmoja, akapigwa faini akaenda zake, anatakiwa kuandika hata ikiwa imepita miaka kumi na tano. Nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, Malindi au Lamu, uombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri. Wanahitaji namba ya kesi. Kama huna, peleka majina yako matatu kama yalivyoandikwa wakati ule na mwaka, na umpe karani muda wa kutafuta. Jina ndilo linalokwamisha: kitambulisho kimeandikwa Mohamed, daftari la mahakama Muhammad, paspoti ya Marekani Mohammed. Andika yote matatu kwenye ombi.

Cheti cha mwenendo mwema cha Kenya nacho ni kizuri kuwa nacho. Huombwa kwenye eCitizen, ada ni shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, unachukuliwa alama za vidole, kisha idara ya DCI inatoa cheti. C24 ichapishwe karatasi moja pande zote mbili. Watu hurudishwa kwa sababu ya kuleta karatasi mbili.

Mpelelezi akifika barazani

Fomu inadai watu watatu wanaokujua vizuri ambao, kwa pamoja, wanaifahamu miaka yako saba ya mwisho. Inadai pia mahali pote ulipokaa miaka kumi. Kwa hiyo kama uliishi Langoni, mtu wa Langoni anaweza kuulizwa, kwa simu au ana kwa ana.

Hapa malezi yetu yanagongana na kazi yao. Mtu wa Lamu amefunzwa kusitiri. Mtoto wa jirani akiteleza, haendi mtu kumtangaza, na hilo ni jambo jema. Lakini sitara ni kwa yule asiye na haki ya kujua. Mpelelezi amebeba idhini uliyoisaini mwenyewe, ukiwaruhusu watu wamwambie. Mzee akisema "huyu hajawahi kugusa chochote, wallahi" na wewe umeandika mara sita, mzee amekusudia wema na amekuachia shaka. Mpelelezi sasa anauliza ni nani kati yenu anasema kweli, na nani mwingine katika hao watatu amekusitiri.

Usiwafundishe la kusema, maana mashahidi watatu wenye maneno mamoja huonekana. Waarifu tu kwamba wanaweza kupigiwa na kwamba umeandika kweli:

"Mama, wakikuuliza, sema unalolijua. Usiongeze, usipunguze."
"Na nikiwambia sijui?"
"Kama hujui, hujui. Kama wajua, usiseme hujui."

Mazungumzo hayo ni magumu kwa mama ambaye hakuwa na habari. Yafanyike hata hivyo, na kwa mke au mume vilevile. Mojawapo ya maswali ya mpelelezi ni nani anajua habari hii, na jibu "hakuna" linamaanisha mtu mwenye picha ya zamani kwenye simu anaweza kukuambia fanya hivi au nitamwonyesha baba yako. Hilo ndilo serikali inaloliogopa. Kijana ambaye baba yake anajua hatishiki.

Wengi huuliza kuhusu ndugu aliye teja ambaye yumo nyumba moja na wazazi. Hakuna anayekudai umkane. Mwongozo unataka uachane na wenzako wa kutumia, na ndugu unayemsaidia kwenda kliniki si mwenzako wa kutumia. Ukiulizwa, mtaje, useme anaumwa na unga, useme unamtumia mama pesa za matumizi wala humtumii yeye mkononi, kama hivyo ndivyo.

Ukishasaini

Hifadhi nakala ya fomu yote. Uchunguzi siku hizi hauishi siku unapopewa, unaendelea muda wote, na utakapoulizwa tena majibu yatalinganishwa na haya.

Safari ya kuja nyumbani hutolewa taarifa kwa afisa usalama wa kazini kabla hujasafiri, hata ikiwa ni ya wiki moja ya arusi. Ukifika, kile kitita cha miraa kitakachopitishwa usiku wa kesha si desturi tena kwako. Sema umeacha, unywe kahawa.

Ikitokea wanaona shaka, hutapata jibu la hapana tu. Utapata barua inayotaja aya moja moja ya yanayowatatiza. Kwa waajiriwa wa makampuni yenye kandarasi za wizara ya ulinzi, muda wa kujibu ni siku 20 tangu kuipokea, na unaweza kuomba kusikilizwa na hakimu wa ofisi ya rufani. Jibu kila aya kwa "nakubali" au "nakataa" pamoja na maelezo, na uambatishe zile karatasi: barua ya kliniki, hukumu ya Malindi, ile hati ya sentensi tatu. Siku 20 hazitoshi kuanza kumtafuta karani wa masjala kutoka Ohio, ndiyo sababu karatasi hutafutwa mapema. Ukikataliwa kabisa, mwaka mmoja baadaye unaweza kuombewa tena, na mwaka huo mzima bila dawa unaingia kwenye mizani.